Neva ilitolewa lakini jino bado linauma: kisa cha gego la juu baada ya rutikanali

Nimeomba ruhusa ya mwenyewe kabla ya kuandika, na nimebadilisha vitu vidogo vidogo asijulikane. Ni mama wa miaka arobaini na kitu, anauza nguo za mitumba Gikomba, ile kazi ya kuamka saa kumi usiku uwahi mzigo ukifunguliwa. Alifanyiwa rutikanali, ile kazi ya kutoa neva ndani ya jino na kujaza mifereji yake, kwenye gego la kwanza la juu upande wa kulia, kliniki ingine hapa Nairobi, na alipofika kwetu karibu miezi miwili ilikuwa imepita na jino bado linamsumbua. Katikati hapo amemaliza dozi mbili za antibayotiki, diklofenaki haitoki kwa mkoba, wenzake wa sokoni wamemwambia ang'oe tu amalizane nalo, na dada yake amemwambia hii mambo ya rutikanali ni ya kukula pesa za watu. Alikuja amekata shauri la kung'oa. Kabla hata nimwambie afungue mdomo akaniuliza, "Daktari, si walisema wametoa neva yote? Sasa hii inayouma ni nini?"

Hilo swali ndo kisa chote. Watu wengi wanaliuliza na sauti ya mtu aliyedanganywa na nawaelewa, umelipa pesa mingi, umekaa kwa kiti mdomo wazi mpaka taya ikachoka, ukaambiwa neva imeenda, alafu usiku linaanza tena. Jibu ni kwamba jino lina neva mahali pawili. Ndani kuna ile nyama laini yenye damu na neva inayoteremka kwa mifereji mpaka ncha ya mzizi, hiyo ndo hutolewa. Nje ya mzizi kuna utando mwembamba sana, haufiki hata nusu milimita, unaoushika mzizi kwa mfupa, na huo una neva zake ambazo hakuna daktari anazitoa wala hafai kuzitoa. Za ndani zinaskia moto na baridi, na ni mbaya sana kwa kuonyesha mahali, ndo maana mtu anakuja ameshika shavu lote hajui ni jino gani. Za nje zinaskia kugongwa na kutafunia, na hizo ziko makini ajabu, ukiuma kajiwe kadogo kwa wali unajua saa hiyo hiyo ni jino lipi.

Kwa hivo kabla ya eksirei, kabla ya dawa, kabla ya mtu yeyote kushika koleo, swali langu la kwanza kwa mtu wa aina hii huwa ni linauma ukifanya nini, na lilianza lini. Ukitafunia, au ukikunywa kitu moto, au lenyewe tu ukiwa umelala? Ni swali la bure na linabeba zaidi ya nusu ya jibu.

Nikamwomba anisimulie tangu siku alitoka kwa kile kiti, pole pole, bila kuruka. Yeye alikuwa anaongea ni kama maumivu ni moja, miezi miwili mfululizo, lakini vile anaendelea nikaskia ni matatu, yamefuatana na kupandana.

Ya kwanza ilikuwa ya zile siku tatu za mwanzo, jino lilikuwa haliguziki hata na ulimi. Hiyo ni ya kawaida, na nataka watu waielewe kwa sababu inatisha bure. Vile vifaa vyembamba vya kukwangua mifereji vinafika karibu kabisa na ncha ya mzizi, na hata daktari akiwa makini namna gani kuna uchafu kidogo na bakteria wanasukumwa wanapita ncha wanaingia upande wa mfupa. Mwili unajibu, damu inajaa pale, utando unavimba, na kwa sababu umebanwa kati ya mzizi na mfupa hauna pa kupanukia, presha inapanda, ukifunga meno unaruka. Kwa wengi inakuwa kali siku ya kwanza na ya pili, ya tatu inashuka, na ile hali ya kutafunia kwa woga inaweza kuvuta wiki moja au ikapita kidogo. Aliyeingia akiwa anaumwa sana huwa pia anaumia zaidi akitoka. Ongeza taya iliyokaza kwa kufunguliwa muda mrefu na pale sindano ya ganzi iliingia. Hayo yanaisha yenyewe, na yake yaliisha.

Dawa ya hizo siku ni ya kushusha uvimbe. Mtu mzima asiye na shida ingine anaweza kukunywa ibuprofeni 400 mg akishakula, pamoja na paracetamol 1,000 mg, kila masaa sita hadi nane, na paracetamol isipite 4,000 mg kwa siku. Hizo mbili zikienda pamoja zinafanya kazi vizuri kuliko moja peke yake. Lakini huyu mama ana ulsa, amekuwa nazo miaka, na hakuna mtu kwa kemisti alimuuliza. Diklofenaki na ibuprofeni ni za ukoo mmoja, zote zinachubua tumbo, na mwenye ulsa, mwenye figo mbaya, mjamzito, au anayekunywa dawa za kuzuia damu kuganda asijinunulie. Alikuwa ameanza kuskia tumbo likiwaka na akadhani ni stress. Diklofenaki nikaisimamisha siku hiyo hiyo, akabaki na paracetamol peke yake, na nikamwambia amwone daktari wa tumbo.

Maumivu ya pili yalikuja baada ya ile wiki ya kwanza, wakati alipaswa kuwa amesahau. Akitafunia upande ule, hata chapati, linachoma mara moja alafu linaachia. Akiwa hatafuni, hakuna kitu. Na akasema neno ambalo daktari wa meno akiliskia lazima asimamishe kila kitu asikize: "Naskia ni kama hii jino iko juu kuliko zingine, inafika kwanza." Alirudi pale alitibiwa akasema hivo hivo, akaandikiwa antibayotiki. Akarudi tena, akaandikiwa ingine.

Hapa sitazunguka. Hiyo haikuwa shida ya antibayotiki na hakuna dozi ingeiponya. Filingi ikiwekwa juu kidogo tu, kiasi ambacho huwezi hata kukiona na macho, kila ukifunga mdomo lile jino linabeba uzito wote peke yake, mara mamia kwa siku, na ukiwa usingizini unasaga meno ndo mbaya zaidi, na ule utando uliokuwa tayari umevimba haupati nafasi ya kupona. Mtu akiwa na ganzi hawezi kukuambia vizuri kama filingi iko sawa kwa sababu haskii upande wake, kwa hivo kosa lenyewe ni rahisi kutokea kwa daktari yeyote. Kinachonikasirisha ni kumwambia mtu aliyerudi akalalamika hivo wazi aende akanunue dawa, bila kumpa ile karatasi ya rangi ang'ate, inayoacha alama pale meno yanagusana.

Nilimpa. Akauma, nikatoa, na pale kwa ncha moja ya gego kulikuwa na alama ya buluu iliyokolea, mengine yote yamepata rangi hafifu. Kupunguza pale kulichukua dakika chache, bila ganzi.

Alafu nikamrudisha nyumbani, na kwa hili wengine wanaweza kuniona mvivu, kwa sababu maumivu ya tatu alikuwa ameniambia na nilikuwa na shuku yangu tayari. Lakini ukifanya mambo matatu siku moja hutajua ni gani ilisaidia, na kwa jino ambalo limeshachimbwa mara moja sitaki kulifungua kwa kubahatisha. Akikaa siku kadhaa na filingi iliyosawazishwa, kile kitakachobaki ndo kitaniambia kilichoko.

Aliporudi, kutafunia kulikuwa kumepoa karibu kote. Kilichobaki kilikuwa kile cha tatu, na sasa kimesimama peke yake kinaonekana: chai moto. Akikunywa chai ya asubuhi, haliumi saa hiyo, linangoja kidogo alafu linaanza kupwita, linapanda mpaka kwa jicho, na linakaa. Maji baridi yanalituliza. Usiku pia, akilala upande ule.

Jino ambalo mifereji yake yote imesafishwa na kujazwa halijui chai wala barafu, hakuna kitu ndani cha kuskia. Kwa hivo kukiwa na maumivu ya moto kwenye jino la rutikanali, kuna mambo mawili tu ya kufikiria kwanza: ama linalouma ni jino lingine la jirani na mgonjwa amelikosea, ama kuna mfereji kwa jino lile lile ambao haukuguswa na bado una nyama hai ndani yake. Sikuhitaji kuchagua kwa hisia. Nilipima majirani kwa baridi moja moja, la mbele na la nyuma, na ya upande wa pili nilinganishe. Yaliskia baridi ikaisha mara moja, ambayo ndo jino zima linafaa kufanya. Nikaweka kitu moto kwa lile gego peke yake, mengine yakiwa yamefunikwa na ile karatasi ya mpira. Alinishika mkono. Yalikuwa ndiyo yale yale ya nyumbani.

Kabla ya kushangilia kuna vitu lazima viondolewe mezani, kwa sababu gego la juu husingiziwa maumivu ya vitu vingine. Cha kwanza ni sainasi, ule uwazi wa hewa ndani ya mfupa wa shavu kando ya pua. Mizizi ya magego ya juu imekaa chini kabisa ya ule uwazi wa sainasi, kwa wengine kuna mfupa mwembamba sana unaotenganisha, na hii ilikuwa Julai, unajua Nairobi ya Julai, kila mtu ana mafua. Sainasi ikijaa, magego ya juu yanauma kadhaa kwa pamoja, na ukiinama kufunga viatu yanazidi. Yeye ni moja tu, na kuinama kwa mzigo siku nzima hakukubadilisha kitu. Cha pili ni misuli ya taya, wale wanaosaga meno usiku wanaamka shavu linauma na wanalaumu jino. Nilibonyeza misuli, ilikuwa laini.

Cha tatu ndo kilichonitia hofu, na hapo nitakaa kidogo. Jino lililotolewa nyama ya ndani limepoteza sehemu kubwa ya mwili wake, kwanza kwa kuoza, alafu kwa kuchimbwa kutafuta mifereji, na gego lililobaki na kuta nyembamba likiendelea kutafuna bila krauni, ile kofia ngumu ya kufunika jino, linaweza kupasuka. Huyu mama alikuwa hajawekewa krauni, alikuwa anachanga pesa, na wengi wako hivo. Sasa chukua jino la namna hiyo upe mahindi choma ya kando ya barabara yale yamekauka, au muwa wa mkokoteni unaoumenya na meno. Ufa ukishuka kwa mzizi wima mpaka chini, hakuna dawa na hakuna kusafisha tena, ni kung'oa. Namna ya kuutafuta ni kupima fizi kuzunguka jino lote na kile kijiti chenye milimita: kwa jino lenye ufa wa mzizi mara nyingi unakuta pande zote ziko sawa, alafu mahali pamoja pembamba kijiti kinatumbukia ndani ghafla. Nilizunguka mara mbili. Hakikutumbukia popote. Nikamwambia mama hiyo ni habari njema, akaniuliza kama sasa hatung'oi, nikamwambia bado mapema lakini sasa tuna sababu ya kupigania.

Alafu ndo eksirei, na niliipiga mbili, moja ya moja kwa moja na moja kutoka pembeni. Ile ya kwanza ilionekana safi, mtu akiitazama haraka anasema kazi nzuri, mifereji mitatu imejaa mpaka karibu na ncha. Lakini eksirei ni picha bapa ya kitu chenye kina, vitu viwili vikisimama mmoja nyuma ya mwingine unaona kimoja. Ile ya pembeni ilinionyesha kwamba kwa ule mzizi wa mbele upande wa shavu, ujazo haukukaa katikati, umeegemea upande mmoja. Mzizi ni mpana, na mwili hupenda kuweka mfereji katikati, kwa hivo ukiona umeegemea jiulize upande wa pili kuna nini.

Gego la kwanza la juu lina mizizi mitatu, miwili upande wa shavu na mmoja upande wa kaakaa, na mtu anaweza kudhani mifereji pia ni mitatu. Kwa zaidi ya nusu ya watu ule mzizi wa mbele wa shavu una mfereji wa pili, mwembamba kama uzi, na mdomo wake umefichwa chini ya rafu ndogo ya jino ambayo lazima uiondoe kidogo kidogo ndo uuone. Huu mfereji wa nne umewashinda watu hodari, wenye miaka mingi kwa kazi, haswa bila darubini. Kwa hivo nilimwambia mama wazi kwamba aliyemtibu hakumwibia, mifereji mitatu aliyoiona aliifanya vizuri. Lawama yangu iko pale kwa antibayotiki, kwa sababu hizo zinabebwa na damu, na haya maumivu yalikuwa ya nyama iliyovimba ndani ya mfereji mgumu, si ya usaha unaotembea kwa mwili. Chama cha madaktari wa meno cha Marekani kilitoa mwongozo mwaka wa 2019 kinapinga kuziandika kwa maumivu ya jino ya namna nyingi kama hakuna dalili za maambukizi kusambaa, na linalotakiwa ni mkono wa daktari ndani ya jino. Na kama mtu hana uhakika aliyemtibu ni daktari kweli, KMPDC, baraza linalosajili madaktari na madaktari wa meno hapa Kenya, lina rejista ya wenye leseni inayoangaliwa mtandaoni, ni jambo la dakika.

Tulifungua. Ganzi, karatasi ya mpira, darubini, na kuondoa ile rafu kwa kifaa kinachotetemeka badala ya kuchimba na nguvu, nikifuata ule mstari unaotoka mfereji wa kwanza kuelekea wa kaakaa. Kulikuwa na nukta. Kifaa kidogo kabisa kikashikwa, kikaingia, na kilipotoka kilikuwa na damu. Damu maana yake nyama iko hai. Miezi miwili ilikuwa imekaa pale inapikwa na kila kikombe cha chai. Nikaosha kwa sodiamu haipokloriti, dawa ya maji ya kuua bakteria, pole pole, pole pole naisema makusudi kwa sababu ikisukumwa kwa nguvu ikapita ncha ya mzizi mtu anapata maumivu makali pale pale kwa kiti na uso unavimba na kupiga weusi, na hiyo pia ni moja ya sababu za watu kuumia baada ya rutikanali ingawa si ya kawaida. Nikaweka dawa ya kalisi haidroksaidi ndani, filingi ya muda, na mara hii nikapima na karatasi ya rangi kabla hajashuka, na tena ganzi ilipoisha.

Usiku ule alilala. Siku mbili za kwanza kutafunia kulikuwa na uchungu, nilimwonya na akajua ni ile ya kawaida, paracetamol ikatosha. Aliporudi tukajaza ule mfereji, na safari hii hatukumwacha aende na filingi ya muda akangoje pesa, kwa sababu filingi ya muda ni ya wiki chache tu, ikianza kuvuja mate yanaingia na bakteria na kazi yote inaoza kutoka juu. Tulijenga filingi ya kudumu, tukapunguza ncha za kutafunia zilizo dhaifu zisibebe uzito mwingi, na krauni ikafuata baadaye akilipa kidogo kidogo. Mahindi choma na miwa upande ule nilimwambia aache mpaka krauni ikae.

Kwa wanaosoma hii jino likiwapigia saa hii, kuna maumivu ambayo hayangoji siku ya kurudi kliniki. Uvimbe unaokua haraka, haswa chini ya taya au unaelekea shingo au jicho, homa, mdomo kukataa kufunguka, kumeza kuwa shida, sauti kubadilika au pumzi kuwa nzito, hapo usitafute kemisti na usitafute ushauri wa simu, ni kasualti, hospitali ya Kenyatta au yoyote iliyo karibu, usiku huo huo. Maambukizi ya jino yakishuka shingoni yanaweza kuziba njia ya hewa, na hapo ndo antibayotiki zina kazi yake, pamoja na kutoa usaha. Kwa yale mengine, jino likiwa linauma kutafunia baada ya wiki mbili, au linaskia moto ama baridi siku yoyote ile, rudi, na umwambie daktari linauma ukifanya nini, kwa maneno yako.

Picha ya miezi sita ya huyu mama tumeshapiga. Ule mstari mweusi wa utando kwenye eksirei, uliokuwa umepanuka kidogo kwa ncha ya mzizi wa mbele, umepungua, fizi bado ziko sawa pande zote, na anatafunia pande zote mbili. Ya mwaka mmoja bado, mfupa huwa unapona pole pole kwa hivo sitaki kusema tumemaliza kabla ya kuiona. Kama ncha haitakuwa imetulia tutapiga skani ya pande tatu, na kuna upasuaji mdogo wa kukata ncha ya mzizi na kuuziba kutoka upande huo wa ncha, nimeshamweleza, na ameshasema akifika huko ataufanya kuliko kung'oa.